Nyuzi Thelathini na Nane

Miezi saba daftari la hesabu halikuwa na hesabu za shule.
Temuulen alilijaza majina ya vipuri na bei zake,
akafuta, akaandika upya, akafuta mpaka karatasi ikatoboka
pale palipokuwa na kadi ya michoro.
"Mama, nikichukua feni za bei ya chini
nabakiwa na tugriki za kasha lenye kioo."
Nikamuuliza, kioo cha nini, utamtazama nani humo?
Akanitazama mimi.

Baba yake alituma nusu kutoka mpakani, kwenye foleni ya malori ya makaa,
na ujumbe wa maneno mawili: Usiniulize zaidi.
Nusu nyingine ilitoka kwenye zamu zangu za usiku
na kwenye magunia aliyowabebea majirani hadi ghorofa ya tisa
lifti ilipokufa mwezi wa Novemba.

Jumamosi ikafika na maboksi sita mezani.
Ulaanbaatar wakati huo hewa ni kavu kama biskuti;
ukigusa kitasa, kitasa kinakuuma,
ukivua sweta, giza linatoa cheche.
Mtoto akauogopa umeme wa mwili wake mwenyewe.
Akavua soksi za sufu, akakunja zulia la bibi yake,
akasimama peku, mkono mmoja kwenye bomba la kupashia nyumba joto,
mkono wa pili umeshika prosesa
kama anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtu.

Mimi nilishika tochi. Kazi yangu ilikuwa hiyo, na kunyamaza.

Saa nne usiku akabonyeza kitufe.
Kimya.
Akabonyeza tena. Uso ule ninaujua,
wanao kina baba kwenye korido yetu
kabla daktari hajatoka.
"Nimeiua," alisema. "Mama, nimeiua, na risiti inasema
kikishafunguliwa hakirudishwi."

Hapo nikaweka tochi chini.
Miaka kumi na tisa napokea watu wanaoletwa usiku.
Prosesa siijui, lakini hili nalijua:
hatangazwi mtu maiti kabla hujamgusa shingo.
Nikamwambia, usianze na ubongo. Anza na pumzi.
Umeme unaingilia wapi?
Akafuata waya kwa kidole, ukutani, sakafuni, nyuma ya kasha,
akakuta swichi ndogo nyeusi, imelala upande wa sifuri.
Hakucheka. Nilicheka mimi, nikajuta.

Feni zikazunguka. Taa zikawaka, nyekundu, zambarau, utadhani harusi.
Skrini nyeusi.
Milio mitatu mifupi, kimya, milio mitatu.
"Inalia," nikasema. "Anayelia afadhali."
Toa kila kisicho cha lazima, bakiza moyo.
Akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akarudisha kimoja,
akakisukuma kwa dole gumba, akakisukuma tena, mpaka kikasema ta!
kama mfupa unaporudi kwenye kiungo chake.
Sauti hiyo niliitambua kabla yake.

Milio ikakoma. Skrini bado nyeusi.
Saa saba. Saa saba na nusu.
Tulikunywa chai ya maziwa yenye chumvi bila kusemezana.
Kisha akainuka polepole, kama aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka,
akachomoa kebo ya skrini kwenye tundu la juu
akaichomeka la chini, kwenye kadi ile ile aliyoililia miezi saba.

Herufi nyeupe.

Nilidhani atacheza. Hakucheza.
Alikaa akiisoma namba moja pembeni: joto, thelathini na nane.
Mkono wangu ulishafika kwenye kioo cha kasha, kama kwenye paji la uso.
"Ana homa," nikasema, "kidogo."
"Kwake ndiyo afya, Mama."
Nje ilikuwa thelathini na moja chini ya sifuri,
moshi wa makaa umelala juu ya mapaa.

Skrubu mbili zilibaki mezani.
Mpaka leo hatujui ni za wapi.