Lori Uani kwa Bi. Elcira

Alisema usiingie.
Alisema akiwa dirishani, kitambaa cha vyombo begani:
liache barabarani, magunia tutayavuta kwa toroli.
Nami, mwenye leseni ya miezi minne
na lori la shemeji,
nikaona mita ishirini ni kitu gani.

Nilipata kumi na moja.

Tairi la nyuma, la kulia, ndilo lililotangulia kuzama,
taratibu, kama mtu anayekalia kiti asichokiamini.
Nikakanyaga mafuta. Hilo kosa la pili.
Tope likaruka juu ya paa la kuku,
likapita, likatua kwenye shuka tatu
alizoanika chini ya upenu.
Hakufoka. Alizianua, akazirudisha kwenye beseni,
akaja hadi mlangoni mwa lori:
"Sasa zima."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Langu lilibaki zima;
la lori ndilo lililozama hadi gotini.

Julai, huku Chiloé, mvua haianzi wala haikomi.
Ipo tu, kama ushuru.

Tulimwaga jivu la jiko, ndoo mbili:
tope likala, likabaki na njaa.
Tukatia mawe ya ukuta wa bustani,
matawi, ngozi kuukuu ya kondoo,
na mlango wa banda la kuku, ambao ulilia mara moja
ukawa vipande viwili.
Kuku wakatoka kutazama.
Kila koleo nililochota, shimo lilijirudishia koleo na nusu.
Jirani mwenye trekta alikuwa Castro,
na trekta lilikuwa naye, injini mezani.

"Shusha mzigo," akasema Bi. Elcira.
Magunia kumi na nane ya viazi vya mbegu,
mgongoni, moja moja, hadi jikoni kwake.
Toroli lilikuwa limeegemea ukuta muda wote huo.
Sikuthubutu kuliomba.

Saa tisa akaja Yasna Nahuelquín,
miaka kumi na mitano, sketi ya shule juu ya suruali,
na maksai wa baba yake wawili,
nira imefungwa kwenye pembe kwa ukanda wa ngozi.
Clavel, mwekundu, mvivu. Noble, ambaye si mwungwana.
Mwaka juzi, pamoja na wenzao kumi,
walikuwa wamevuta nyumba nzima, ina mapazia,
kutoka kilimani hadi ufukweni.
Lori la shemeji hawakulipa hata jicho.

Akafunga mnyororo mwenyewe. Akaniuliza:
"Gia iko huru?"
Nikasema iko huru.
Akapanda, akahakikisha, akaiweka huru.

Kisha hakupiga. Alitembea mbele yao kinyumenyume,
fimbo imelala begani,
akiwaita kwa sauti ya mtu anayeita chai iko tayari.
Mnyororo ukanyooka, ukadondosha maji.
Shingo zikashuka. Kwa muda
hakuna kilichotembea uani isipokuwa mvua.
Halafu tope likatoa sauti,
ile sauti ya midomo inayoachana na mfupa wenye uboho,
na lori likaja, likaja zima, likinuka mafuta na mbolea,
hadi kwenye kokoto.

Shimoni mlibaki kitu cheusi.
Bi. Elcira aliinama akakivuta kwa mikono miwili:
buti la mpira, la kushoto, limejaa udongo kama chungu.
Akalimimina. Akatazama unyayo, akatazama namba.
"La Nolberto," akasema.
"Baridi mbili tulimlaumu mbwa."

Yasna akafungua mnyororo, pete moja baada ya nyingine.
Mimi nikatafuta pa kuweka mikono yangu.

"Na la kulia?" nikauliza, kwa kuwa sijui kunyamaza.
"Nililitupa Machi," akasema,
"pamoja na kofia."

Akaliosha bombani, ndani na nje,
akaliweka barazani, ncha ikitazama barabara.
Akaniletea nyundo, na misumari kwenye kopo,
kwa ajili ya mlango wa kuku.

Nilipomaliza, shimo lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni,
na bata wake wawili wameshahamia.