Karatasi ya Marehemu

Kwanza niseme: karatasi naichapa mimi.
Kila mwaka, juma la mwisho la Oktoba,
waumini huniletea majina ya wafu wao,
wengine nyuma ya risiti ya unga,
wengine kwa simu, wakikohoa,
nami nayapanga hapa Kisauni, meza ya jikoni,
feni ikiyapeperusha kana kwamba haitaki yafike.

Mwaka huu nina langu.
Efraimu Farajala. La kumi na moja.

Kifurushi kilitoka Leeds. Karani wa Posta akauliza,
kuna nini ndani? Nikasema, kitabu cha nyimbo.
Sikudanganya: kitabu cha nyimbo, miwani,
soksi moja ya sufi,
na barua ya Alwini, mwandiko umelala upande
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Miaka thelathini na minane, anasema.
Birika moja.

Babu zetu waliteremshwa pwani hii na Wazungu,
wakatolewa minyororo, wakapewa kengele.
Wakapewa majina, Biblia, sabuni, cherehani,
na katika kasha lilo hilo, chini, chini kabisa,
sheria iliyokunjwa kama shuka la mgonjwa.
Mwenye kasha akarudi kwao.
Mwaka wa sitini na saba akaichana ya kwake,
si yote, nusu:
Mwingereza hata toba huitoa kwa mafungu.
Yetu tumeipiga pasi.
Tunaiita mila.

Efraimu aliondoka sabini na tisa.
Aujuaye uchungu wa mwana ni mzazi,
na Mama hakuusema. Aliupika.
Alimfungia mikate ya sinia mitatu,
akamwambia, ndoo mwanangu, ndoo nikuone,
akamtengeneza kola iliyokuwa sawa.

Na huko nako mtu asidhani milango ilikuwa wazi.
Kanisa la kwanza walimwambia, karibu, imba besi,
ila rafiki yako akae safu ya nyuma.
La pili, kasisi aliwapenda mno, faraghani,
naye alikuwa na wake wa faraghani
mpaka wakamzika, na yule wake akasimama
nje ya uzio kama fundi aliyekuja kudai.
La tatu hawakumaliza zaburi.
Mwishowe wakaangukia kwa Wakweka,
nyumba haina mimbari wala kinanda,
watu wamekaa kimya saa nzima
kama wanaongoja maji yachemke.
Efraimu, besi wa Kisauni, kimya!
Nyuma ya picha aliniandikia:

Nimezunguka ibada,
wakanitaka shahada,
sina ila moja, dada:
nilipenda, sikutoka.

Ijumaa Kasisi Mghanga akanipigia.
Mama Dorkasi, hili la kumi na moja...
Limefanyaje?
Watu watauliza.
Nikamwambia, kinanda hakikuuliza
pauni zilikonunuliwa nacho zimetoka nyumba gani.
Akanyamaza. Nikasikia jogoo wake.
Si mtu mbaya. Alimzika Mama vizuri,
mvua ile, viatu mkononi.

Jumapili akasoma. La tisa. La kumi.
Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu,
akaivaa, akaivua.
"Efraimu," akasema.
Basi. Akaruka la kumi na mbili.

Mimi mguu wangu wa kulia hauniamini tena,
lakini nilisimama.
"Farajala," nikasema, nikakaa.
Mtu nyuma akaguna. Mwingine,
sijui nani, sauti ya mzee, ya besi,
akasema amina kabla ya wakati wake.

Usiku nimemwandikia Alwini.
Jina limesomwa, nimemwambia, nusu na mchungaji,
nusu na mimi. Usitucheke, tumejifunza kwenu.
Mvua za vuli zimeanza. Mchicha umeota mpaka mlangoni.
Miwani yake nasomea, inanifaa jicho moja.
Na ile soksi uliyobaki nayo,
usiilete.