Unga wa Vifuu

Ng'ombe wetu tulimwita Faida,
jina la mzaha, kwani tangu aletwe Kangagani
hajarudisha hata bei ya kamba yake.
Shaame alimnunua kwa pesa za karafuu,
akamfunga katikati ya nyumba mbili,
yangu na ya mke mwenzangu,
kisha akavuka Tanga, mpaka leo.
Maziwa ya asubuhi yangu. Ya jioni ya Mkasi.
Hayo ndiyo tuliyogawana,
pamoja na kimya.

Pumba nilizinunua mimi. Nakiri.
Gunia la chini kabisa pale mashineni Chwale,
bei nusu, limelala chini ya bati livujalo
masika yote.
Nilizianika jamvini, nikazipepeta,
uvundo ukanipanda puani
nami nikajisemea: ng'ombe hana pua ya kuringa.

Siku ya tatu Faida akaacha kucheua.
Masikio baridi kama mtungi,
ubavu umefura, kinyesi maji,
na ndama anavuta chuchu isiyotoa kitu.
Bwana mifugo, kijana wa Ole aitwaye Nahoda,
akatia mkono guniani, akaunusa, akanitazama
kama mwalimu atazamavyo daftari lililomwagikiwa mafuta ya taa.
"Ukungu huu, mama. Sumukuvu.
Jua haliitoi. Hizi huzimwagi, unazizika."
Dawa ya kopo ipo mjini, mkaa ulioamilishwa;
bei yake akaitaja kwa sauti ya chini,
kama anayetaja deni la maiti.
"Ukikosa, tafuta wa vifuu, uliookwa bila ya hewa,
utwangwe hata uwe kama wanja.
Kila chembe ina vitundu; sumu ikishanasa humo
hutoka nao.
Ila vidonge vyangu usivichanganye nao.
Mkaa haujui kuchagua:
hushika sumu, hushika na dawa."

Uliookwa bila ya hewa.
Kangagani nzima anayechoma vifuu ni mtu mmoja.
Nimemsema sana, mtu huyo:
moshi wake kwenye kanga zangu,
pipa lake, kucha zake.
Harusini, mbele za watu, nilisema
mweusi wa makaa, mweusi wa moyo.
Alisikia. Nilitaka asikie.

Sikwenda. Nilikaa kizingitini nikitafuta maneno,
na yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kugombea.
Baada ya isha nikasikia mchi.
Usiku wote huo, mtu anatwanga!
Kisha akatokea na bakuli limefunikwa kawa,
kama aletaye futari.
"Mshike pembe," akasema.
Neno lake la kwanza kwangu tangu Mfunguo Mosi.

Nikamshika pembe. Akamimina uji mweusi
kwa chupa ya soda, pembeni mwa mdomo,
taratibu, asipaliwe.
Faida akakohoa, akatunyunyizia sote,
nyuso, kanga, meno.
Tulipotazamana kwa taa ya simu
hapakuwa na mke mkubwa wala mke mdogo,
palikuwa na masizi yenye macho manne.
Mkasi alicheka kwanza.
Mimi nilichelewa kidogo.

Siku nne kinyesi kilitoka cheusi kama lami,
nami nikikichungulia kwa furaha
nisiyoweza kumweleza mgeni.
Siku ya tano akacheua.
Ndama hakuwahi. Tulimzika,
na gunia lile shimo la pili, majembe mawili.

Naufikiria mkaa usiochagua.
Nami nilishika hivyo, miaka sita:
kila neno la Mkasi likiingia halitoki.
Kumbe humo mlikuwamo na pole yake
siku nilipofiwa na mama.
Niliishika nayo, ikanasa pamoja na sumu,
isinifae kitu.

Maziwa ya jioni bado ni yake.
Leo asubuhi nimempelekea bilauri moja ya yangu.
Hakusema ahsante.
Ameirudisha imejaa unga mweusi mpaka mdomoni:
"Wa akiba.
Nakujua wewe na bei nusu."