Ubao wa Mlangoni

Mwezi ukiandama naufuta ubao
kwa kipande cha kanga ambacho jina lake limekatika,
limebaki neno moja: HAYANIHUSU.
Ulikuwa mlango wa chumba cha mizani,
enzi ghala hili la Wete likiwa ghala kweli.
Chini ya chaki yangu, ukitazama kwa upande,
bado zasomeka karafuu za watu waliokwisha kufa,
na deni la mmoja, Subeti wa Ngwali, pishi sita.
Sijalifuta. Si langu kulifuta.

Haya, someni.

Ijumaa ya kwanza, baada ya isha: Mkwe Hana Chumvi.
Mkwe atakuwa Faki, fundi cherehani,
kwa kuwa Raya ameolewa Mtambwe
na mumewe kasema mke wake
hatazamwi na watu wanaotafuna njugu.
Faki ana ndevu. Tutamfunika ukaya.
Kuzinyoa amekataa; asema
mkwe wa kweli hapungukiwi na kitu kwa ndevu.

Ijumaa ya pili hakuna mchezo.
Ni hitima ya mamake Bikombo,
na majamvi tunayokalia ndiyo hayo hayo:
msiba hupokea kwanza, kichekesho hungoja mlangoni.

Ijumaa ya tatu: Hakimu na Pweza,
vijana wa Limbani wametunga wenyewe.
Pweza ni watoto wanne ndani ya shuka moja,
mikono minane barabara,
ila Chumu ana homa,
pweza huenda akaja na mikono sita.
Nimeandika hivyo hivyo, mtu asije kudai fedha yake.

Kiingilio elfu moja. Watoto mia mbili.
Mwenye kandili bure, maana umeme wetu
hupita chini ya bahari na una tabia zake.

Ijumaa ya nne.

Hapa chaki husimama.

Mie ndiye nikaaye nyuma ya pazia
juu ya pakacha lililopinduliwa, daftari mapajani,
nikimpenyezea mchezaji neno likimtoroka.
Mwaka wa kumi na tisa huu.
Sauti yangu wanaijua kama ya panya darini,
wengine hudhani ni ghala linalosema.

Mbarouk Kheri hakuwa akinihitaji.
Mwezi uliopita aliingia, akavua kofia, akanyamaza.
Nikanong'ona: Nimerudi, mke wangu, na mikono mitupu.
Kimya.
Nikarudia. Akaligeukia pazia,
akauliza kwa sauti ya barazani, ya kila siku:
"Nani huyo?"
Watu wakacheka, wakadhani ndivyo ilivyoandikwa.
"Ni mie. Mize."
Wakacheka tena.
"Mize," akasema. "Basi sema wewe."

Nikayasema.
Yote, mpaka mwisho, nyuma ya kitambaa,
na yeye akitembea, akikaa, akikishika kikombe
pale pale pa kukishika,
mikono ikiyakumbuka
yale ambayo ulimi umeyatupa.
Njugu zikaacha kutafunwa.

Jana mkewe alikuja hapa: usimwandike, Mize, tafadhali.
Leo asubuhi akaja mwenyewe: niandike.
Adhuhuri akaja tena, kanzu ile ile,
salamu ile ile, akaniuliza za watoto:
niandike.
Hakujua kwamba alikwisha kuja.

Nimesimama na chaki mpaka imelowa jasho.
Lile neno la kitambaani nimelisoma mara tatu.

Ijumaa ya nne, baada ya isha.
Mwili: Mbarouk Kheri.
Sauti: Mize Hamadi.
Jina la mchezo bado.

Mvua ikiyafuta haya kabla hujapita,
au kama macho yako na herufi hayaelewani,
nisimamishe njiani nikusomee.
Mie nimezoea
kusema polepole, karibu na sikio.