Soli ya Tatu

Fundi Nalinga ana mizani yake, haina namba:
hunisimamisha mbele ya kibanda,
hutazama pindo la kanga yangu
linavyolamba vumbi upande mmoja,
kisha hukata tairi.
Soli ya kwanza niliolewa nayo.
Ya pili, baada ya kumzaa Rukia.
Mwaka huu amenitazama, akaguna:
"Mama Rukia, hapa panadai ya tatu."

Kule Ndanda, Daktari Mrope aliibandika picha kwenye taa.
Kumbe hii ndiyo mifupa niliyoikalia
miaka yote kwenye kigoda cha kubangulia korosho.
"Kulia, unaona? Kikombe, na tufe limetulia ndani.
Kushoto ulijaliwa kisahani."
Na tufe, maskini, limeteleza, likapanda,
likajichimbia makao yake juu ya mfupa
kama mpangaji aliyefukuzwa chumbani, akajenga uwani.

Mama alikuwa pembeni, kanishikia mkoba.
Akauliza alilolimeza tangu nianze kutembea:
"Ni mbeleko? Nilimfunga vibaya?"
Hapana, bibi. Mbeleko humtanua mtoto miguu,
huisaidia nyonga ikae.
Huyu alikujaje duniani?
"Alitanguliza makalio."
Basi huenda ni hilo. Huenda. Hakuna mwenye kosa.
Mama alilia mpaka Masasi.
Sikumnyamazisha.

Unyagoni, Bi Sijaona alinichapa ufito pajani:
Kata, mwali, kata! Mbona unakata kama mchi?
Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka.
Na Mfaume, enzi za kuniposa,
aliniita nyonga mkalia ini,
nikasema moyoni: hujui unachokitaja.

Sasa hesabu.
Chuma na plastiki, miaka kumi na mitano,
ishirini Mungu akipenda,
kisha kisu tena, nami nishakuwa bibi.
Fedha: mnada wa kwanza tumeshaula.
Miezi mitatu bila kuchuchumaa;
nani atachota, nani atabangua?
Daktari hakuniuliza choo chetu kikoje.
Nilimwambia mwenyewe: cha shimo.
Akaandika: kiti chenye tundu.
Seremala wa kaburi na kitanda
sasa atanitengenezea na hicho.

Wifi anasema, ukishazoea, zoea.
Jirani anamjua mtu wa Kitangari
aliyepasuliwa, akarudi na magongo mawili.
Jina lake halikumbuki.

Na Julai, baridi ya Newala ikishika,
nyonga huamka kabla ya muadhini.
Hunigeuza huku, hunigeuza kule,
kama mtu anayepapasa ufunguo chini ya godoro.
Mfaume hujifanya amelala.
Namjua anavyopumua akilala kweli.

Nimezoea, ndiyo.
Nimezoea na Rukia kuninyooshea mkono
kila nikitaka kuinuka, bila kuambiwa,
macho yake yakiwa kwenye daftari.
Juzi nilimwona kwa mbali, dukani,
amekaa benchi na wenzake.
Akainuka, akageuka,
akanyoosha mkono nyuma, hewani,
akauacha pale kidogo,
kisha akaurudisha mfukoni kama aliyeiba kitu.

Leo nimekwenda kwa Nalinga.
Tairi ameshaichora kwa chaki.
"Usikate," nikamwambia.
"Mpaka lini?"
Koo likanikauka. Nilikuwa bado sijamwambia mtu,
hata Mfaume, hata mimi.
"Mnada wa pili."
Akaifuta chaki kwa kidole gumba, taratibu,
akabakiza alama ndogo pembeni,
maana fundi hafuti kazi yote.

Nikarudi nyumbani na soli zangu mbili,
nikipanda na kushuka,
nikipanda na kushuka,
kwenye barabara iliyo tambarare.