Kidole Juu ya Santuri

Kazi yangu ilikuwa kidole.
Kaka yangu Kleopa, fundi wa boila karakana ya reli,
alikuwa na kinanda cha mdomo cha shilingi kumi na mbili,
na kinanda kile kilijua ngazi moja tu ya sauti.
Santuri za ng'ambo zilijua nyingine.
Basi jioni, kwenye kota za Gerezani,
naweka kidole ukingoni mwa sahani inayozunguka,
nabonyeza kidogo,
kidogo tena,
mpaka wale vijana wa Uingereza, nywele zimeziba masikio,
wanaanza kuimba kama watu walioamshwa usingizini,
wazito, wanashuka, wanashuka,
wanamkuta Kleopa alipo.
"Hapo hapo! Usipumue!"
Nami sipumui. Yeye anapumua kwa wawili.

Miaka ile wimbo mpya ulibisha hodi kwa hamonika.
Kabla ya gita, kabla ya neno,
ule mlio mkali kama ukwaju chini ya ulimi,
ndipo mlango ufunguke.
Fonseka mshonaji, mwenye gramafoni,
alisema kidole changu kinaiua sindano yake.
Akatutoza senti kumi kila upande,
akabaki mlangoni na futi yake shingoni, akisikiliza bure.

Kulikuwa na sauti moja
kwenye santuri ya Wamarekani weusi, imekwaruzika vibaya,
sauti ambayo kinanda chetu hakikuwa nayo.
Kleopa aliitafuta wiki tatu.
Kupuliza, haipo. Kuvuta, haipo.
Usiku mmoja ana mafua
akavuta pumzi huku kakunja ulimi kama mtoto anayekataa kwinini,
na sauti ikapinda,
ikateleza, ikaketi
mahali ambapo fundi wa Kijerumani hakuweka kiti.
Tukatazamana kama tulioiba.

Mle mle mlikuwa na treni.
Kila mtu alisema mpigaji analia.
Kleopa akasema, halii huyu, anapanda mlima.
Sikia, boila ina kiu,
mabehewa yamezidi mawili,
na dereva anajua, ila kapewa amri.
Hii ni Pugu, akasema. Hata kama ni Amerika, hii ni Pugu.

Jumamosi ile, ukumbini Mnazi Mmoja,
Shomvi na gita la umeme la kuazima,
Mbonde na ngoma zilizokazwa kwa kamba ya katani,
Kleopa akakumbatia kinanda na kipaza sauti
katika viganja vyote viwili, kama anayekinga maji ya bomba.
Watu wa dansi, waliolelewa na tarumbeta, wakacheka:
"Bendi nzima mfukoni mwa shati!"
Wakacheka
mpaka treni ilipoanza kupanda.
Mimi sikucheza.
Kidole changu kilikuwa kinabonyeza meza,
kinawapunguza mwendo wote,
wasifike mwisho upesi.

Kisha magita yakazaliana, matatu, manne,
na spika kubwa kama makabati ya bibi harusi.
Pumzi ya mtu mmoja ingefua dafu wapi?
Kleopa akarudi kwenye boila bila kununa,
au alinuna, sikumwuliza.
Lakini nilimwona Shomvi
akisukuma waya kwa kidole mpaka ukalia upande,
akiutafuta ule mteremko,
ile nafasi isiyo na kiti.
Hakumtaja mtu. Pengine hakujua.
Hata leo gita likipigwa redioni kwa jirani
naacha kuchambua mchele:
najua linapovuta pumzi.

Kinanda kipo, kimefungwa kwenye leso.
Ulimi wa tundu la nne ulikatika kwa kupindwa sana.
Wajukuu wakivuta pale inapita hewa tupu,
wanasema, bibi, kimekufa.
Nawaambia wavute tena.

Na ile sindano ya Fonseka,
hatujailipa mpaka leo.