Umri wa Mama

Jiwe hili, kusini ya Katonga, watoto huliita Choo cha Minandi.
Kwenye daftari tumeliandika Jiwe Na. 3,
maana Mzee Gwasa hapendi matusi katika kazi ya serikali.

Kila Agosti tunapanda. Mimi nabeba mizani ya ndoano
na soksi ya shule iliyopoteza mwenzake.
Kinda huingia kichwa kwanza, hutulia gizani,
sindano husema inachosema.
Kisha hutapika: dagaa wawili, kipande cha mgebuka,
na harufu isiyokubali sabuni ya mawese.

Mama yake ana pete ya bati, K17.
Alivishwa mwaka nilioajiriwa, wakati huo nina kiuno.
Wa rika lake wamebaki pete tu,
tunaletewa kutoka mwalo wa Kibirizi
zimenasa kwenye nyavu kama vifungo vya shati.

Nimewajua mama wa kila umri.
Wale wabichi, wa msimu wa kwanza, hutaga popote,
yai likabingirika ziwani
wakalitazama kama mtu aliyeangusha funguo chooni.
Wa makamo ndio wenyewe, sina la kusema juu yao.
Na K17 hakosei kitu:
kiota upande usiopigwa na mawimbi,
vijiti vikavu, saa ya dagaa kupanda anaijua.
Ila huenda mara mbili wenzake wakienda tano,
na akirudi husimama mbali kwanza, mabawa wazi,
akikausha kitu ambacho si maji.

Kinda wake ni mzito. Hilo ndilo lililonichanganya miaka.
Gwasa, akichonga penseli kwa wembe, akasema:
"Usimpime. Mhesabu akirudi kutaga."
Tukahesabu.
Wa ujana wake, wanne wamerudi na makinda yao.
Hawa wa mwisho mwisho, walioondoka wamenona,
hakuna hata mmoja.
Deni halikudaiwa kiotani. Lilitumwa mbele.

Kwetu Ujiji tulizaliwa saba.
Kifunguamimba, Bitaliho, alimkuta mama ana miaka kumi na sita.
Ana kovu mdomoni mpaka leo, la uji:
mama hakuwa amejua kuonja kwanza.
Mimi mziwanda. Uji wangu ulionjwa, ukapulizwa, ukaonjwa tena.
Baba alisoma gazeti kwa macho yangu,
yake yalikwisha ingia ukungu;
nilipoanza kuyamudu maneno marefu, akafa.
Bitaliho alikuwa na baba miaka thelathini na mitatu.
Mimi sita.
Tulibishana siku moja, tukimenya mihogo, nani alipunjwa.
Akasema: "Wewe ulipewa asali. Mimi mzinga."
Nikamuuliza, na nyuki je?
Hakujibu. Alimenya muhogo mpaka ukabaki mzizi.

Jumatatu, hospitali ya Maweni,
muuguzi alinipandisha kwenye mizani.
Akaandika. Akauliza umri.
Arobaini na mmoja, nikasema, na mimba ya kwanza.
Akaweka kalamu ya bluu, akatafuta nyekundu,
akaizungushia namba ile duara,
akalikaza mara mbili,
nami nikajikuta naangalia kifundo cha mguu wangu.

Nilitaka kumwambia kwamba nimefanya kazi hii,
ya kuandika umri wa mama za watu,
na kwamba gramu hazisemi.
Nikachukua vidonge vya damu nikaondoka.

Leo nimepanda taratibu. Gwasa kanishika kiwiko,
jambo ambalo hajawahi, na hakuuliza.
K17 hakuruka.
Labda ananijua. Labda kuruka kumekuwa kazi.
Tumekaa hivyo, yeye kakunja shingo,
mimi nimefungua daftari juu ya goti:
uzito wa kinda, urefu wa bawa, umri wa mama.
Nimeandika, kwa bluu.
Kinda akanitapikia kiatuni.